MALI BILA DAFTARI: Juu ya Kutunza Kumbukumbu za Wanachama katika Kompyuta

(Hotuba iliyosomwa na karani wa tawi mbele ya mkutano wa wajumbe wa wafanya kazi, Sigowet. Tumeipiga chapa yote kwa kuwa wajumbe wa mbali ambao hawakuweza kufika waliomba kuisoma.)



Nimeombwa niseme juu ya kompyuta. Najua kwamba wengine wenu mmekwisha anza kutazama mlango. Mnasema moyoni, "Hayo ni mambo ya vijana wa ofisini. Sisi letu ni kilo na mshahara." Basi nitaanza na kilo na mshahara, nanyi mtaona jinsi kompyuta inavyoingia humo.

Wazee walisema, Mali bila daftari huisha bila habari. Sisi wafanya kazi wa chai hatuna mali nyingi. Tunayo mikono yetu, na tunayo miaka tuliyofanya kazi. Lakini miaka haionekani kwa macho. Ukisimama mbele ya Mahakama ya Kazi huko Kericho, jaji hawezi kuitazama mikono yako akajua kwamba umechuma majani tangu mwaka 2004. Ataomba karatasi. Karatasi ya kuajiriwa, karatasi ya mshahara, kitabu cha kilo, fomu ya daktari. Mwenye karatasi ana miaka yake. Asiye na karatasi ana maneno tu.

Ni kweli kwamba Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atunze maelezo ya mkataba wa mfanya kazi kwa miaka mitano baada ya kazi kwisha. Sheria hiyo ni njema. Lakini ukitaka kuipinga hesabu ya mwajiri, nawe huna hesabu nyingine ila hiyo hiyo yake, utaipinga kwa nini? Tena tumeona wenyewe jinsi mashamba makubwa ya Kericho yalivyobadili wenyewe. Mwaka 2022 Unilever ilimaliza kuuza biashara yake ya chai. Mwaka 2023 kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilinunua mashamba ya James Finlay hapa Kenya. Sisemi kwamba mwenye shamba mpya ni mbaya au kwamba wa zamani alikuwa mwema. Nasema hivi: mashamba hubadili mikono, mashine za kuchuma huja, watu huhamishwa, na katika mabadiliko hayo yote mfanya kazi mwenye daftari lake mwenyewe hulala usingizi.

Kwa sababu hiyo tawi letu lilianza zamani kupiga picha karatasi za wanachama na kuziweka katika kompyuta ya ofisi. Lilikuwa shauri jema. Mimi ndiye niliyeliharibu.

KOSA LANGU

Nitawaambia wazi, maana nimechoka kulibeba peke yangu.

Kompyuta yetu ilikuwa ya zamani, na kumbukumbu zote zilikuwa ndani ya diski yake moja. Kwa muda wa wiki kadha wa kadha nilisikia ndani yake sauti ndogo, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga kucha mezani. Asubuhi ilichukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa kabla haijawaka vizuri. Nilijisemea, "Ni uzee tu, kama sisi sote." Nikaendelea.

Ndipo ukaja usiku mmoja wa radi. Hapa kwetu nani asiyeijua radi? Umeme ulizimika, ukarudi, ukazimika tena. Nami nilikuwa nimeiacha kompyuta imechomekwa ukutani. Asubuhi ilisema kwa herufi nyeupe kwamba haioni diski yo yote. Niliipeleka kwa fundi mjini. Aliitazama, akaniuliza, "Nakala iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Wakati huo tulikuwa na mambo mawili mkononi. La kwanza ni la ndugu mmoja aliyeumia mkono katika mashine ya kuchuma. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inampa mtu miezi 12 kuleta madai yake, na kwake miezi minane ilikuwa imekwisha pita. Fomu za daktari zilipotea pamoja na diski, na majina ya mashahidi vile vile. Mungu ampe heri mke wake! Alikuwa ameweka fomu za kwanza ndani ya mkebe wa majani chai, zimefungwa katika karatasi ya nailoni. Lakini majina ya mashahidi hayakuwamo mkebeni. Nilizunguka kambi Jumapili tano nikiuliza, "Siku ile nani alikuwa laini ya jirani?" Tuliyapeleka madai siku chache kabla ya mlango kufungwa.

Jambo la pili halikwisha hivyo. Mama mmoja alileta kwetu kitabu chake cha kilo, akidai kwamba amepunjwa. Tukakipiga picha, tukamrudishia. Kisha mvua ikapenya paa la nyumba yake, kitabu kikawa uji. Akaja akaniambia bila wasiwasi, "Si kitu, karani, nakala mnayo ninyi." Ndugu zangu, nilimtazama mama yule nikakosa pa kuweka uso. Madai yake yalikufa. Siwezi kumlaumu mwajiri kwa hilo. Mwanachama alituamini, nasi tuliiweka amana yake mahali pamoja tu.

Jambo nililojifunza ni moja, na yote nitakayosema baada ya hapa yanalitumikia hilo: kumbukumbu iliyo mahali pamoja haijatunzwa, imeazimwa tu.

DISKI NI KITU GANI

Watu wengi hudhani kompyuta ikifa, kila kitu kimekufa. Sivyo. Kompyuta ni kama ofisi, na diski ni kabati. Ofisi ikiungua lakini kabati ikatolewa mlangoni mapema, karatasi zipo.

Diski ya kwanza ya kompyuta ilitolewa na kampuni ya IBM huko Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na zote pamoja ziliweza kuandikwa herufi milioni 5. Picha moja au mbili za simu ya leo zingeijaza. Lakini ufundi wake ndio ule ule wa diski za kuzunguka tulizo nazo sasa. Sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kisomeo huelea juu yake bila kuigusa, kwa nafasi nyembamba mno kuliko unywele. Kitu kinachozunguka namna hiyo mchana na usiku hapana budi kitachakaa. Sauti ile ya tik, tik ndiyo kisomeo kinachopotea njia na kurudi kuanza tena. Mkiisikia, msifanye kama mimi.

Siku hizi kuna diski ya namna nyingine, iitwayo SSD. Hii haina sahani wala kitu cho chote kinachozunguka. Ni chipu tupu. Ikianguka haiumii upesi kama ile. Diski ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 au 150 kwa sekunde, na SSD ya kawaida hufika karibu 500. Lakini faida kubwa iko katika kutafuta. Diski ya kuzunguka ni kama karani anayetembea chumba hadi chumba kutafuta jalada. SSD ni kama karani aliyekaa katikati na kila jalada liko mkononi. Kwa hiyo kompyuta nzee iliyochukua dakika nyingi kuamka, ukiitia SSD, mara nyingi itaamka katika muda wa kufunga kamba za viatu. Haina haja ya kutupwa.

Lakini msidanganyike. SSD nayo hufa, tena mara nyingi hufa kimya, bila tik wala tak. Vile vile haifai kuachwa kabatini miaka mingi bila umeme, maana yaliyoandikwa ndani yake yaweza kufifia.

JINSI YA KUBADILI DISKI

Kazi hii kijana wa tawi anaweza kuijifunza kwa siku moja. Nitaitaja kwa taratibu.

Kwanza, kabla ya kushika bisibisi, nakili kumbukumbu kwenye diski nyingine ya nje. Ikiwa diski imeanza kugonga, huyo ni mgonjwa wa kufa. Usimwulize maneno mengi. Mwulize lililo la maana kwanza: majeraha, kesi, orodha ya wanachama. Picha za sherehe baadaye.

Pili, tazama ni diski ya namna gani inayoingia. Kompyuta za mkononi za zamani nyingi hutumia ya inchi 2.5 yenye mdomo wa SATA. Za mezani zina nafasi ya inchi 3.5, na ya 2.5 yaweza kufungwa humo kwa fremu ndogo. Nyingi mpya hutumia kipande chembamba kama rula fupi, kiitwacho M.2. Pigeni picha ya diski ya zamani mwende nayo dukani, msinunue kwa kukisia.

Tatu, jihadharini na diski za uwongo. Ziko zinazoandikwa juu kwamba ni kubwa, na ndani ni ndogo. Zikijaa huanza kuandika juu ya yaliyotangulia bila kusema neno. Dawa ni hii: kabla ya kuiamini, ijaze mpaka mwisho kwa mafaili ya majaribio, kisha soma yote uone kama yamerudi sawa. Iko programu ya bure ya kazi hiyo, iitwayo F3.

Nne, hamisha yote kutoka diski ya zamani kwenda mpya. Programu ya bure iitwayo Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan, hunakili diski nzima pamoja na mfumo wake. Sharti lake ni kwamba kwa kawaida diski mpya isiwe ndogo kuliko ile ya zamani.

Tano, zima kompyuta, chomoa waya, toa betri kama inatoka, kisha gusa chuma kitupu ili umeme wa mwilini uondoke. Fungua skrubu, uzipange mezani kwa jinsi zilivyotoka. Toa ya zamani, tia mpya, funga, washa.

Sita, usiifute ya zamani upesi. Iweke mwezi mzima mpaka uhakikishe mpya inafanya kazi. Baada ya hapo ifute kabisa, au ivunje kwa nyundo. Usiiuze hata kidogo kabla ya kufanya hivyo. Ndani yake zimo namba za vitambulisho vya watu wetu.

SEVA NDOGO YA TAWI

Sasa nakuja kwenye shauri la pili. Tawi lina kompyuta tatu, na kila moja ina orodha yake ya wanachama. Orodha tatu maana yake ni ukweli wa namna tatu. Mwanachama akifa, orodha moja inajua, mbili zinamdai ada.

Dawa yake ni seva. Neno hilo lisiwaogopeshe. Seva ni kompyuta moja inayokaa macho wakati wote na kuwatumikia wengine. Kumbukumbu hukaa kwake, na wengine huja kusoma na kuandika hapo. Wengine hutumia kompyuta ndogo ya Uingereza iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ukubwa wake ni kama kadi ya benki. Inafaa, ila isitegemee kadi ile ndogo ya kumbukumbu peke yake. Ifungiwe SSD.

Mimi lakini nashauri tutumie kompyuta ya mkononi ya zamani, iliyovunjika hata kioo. Kwa nini? Kwa sababu ina betri yake. Umeme ukikatika haianguki papo hapo, inapata nafasi ya kujifunga vizuri. Hesabu ya umeme ni hii: kompyuta ya mezani ya wati 60 ikikaa macho mwezi mzima itakula uniti 43 za tokeni. Ya mkononi ya wati 15 itakula uniti 11 hivi.

Mfumo wake uwe wa bure. Uangalizi wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziruhusiwi kupanda kwenda Windows 11. Lakini mfumo uitwao Debian, ulioanza mwaka 1993, hukaa vizuri ndani ya mashine nzee, na hauombi shilingi. Ndani yake tia programu iitwayo Samba, ambayo huwezesha kompyuta za Windows kuona majalada ya seva kana kwamba yako ndani yao wenyewe. Unganisha kwa waya na ruta ya ofisi, ipe seva anwani isiyobadilika, na kila karani apewe jina lake na neno lake la siri. Mlango wa kutoka intaneti kuingia kwenye seva ubaki umefungwa. Hatuna haja ya kumkaribisha dunia nzima.

Mtu ataniuliza, "Kwa nini tusiweke yote katika intaneti, tukaachana na mashine?" Swali zuri. Kuweka nakala moja huko, iliyofungwa kwa siri, si vibaya. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Kenya ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Hata watu wa intaneti wenyewe walilijua jambo hili zamani. Mwaka 2000 kampuni za Kenya zilianzisha Nairobi kituo cha kubadilishana kiitwacho KIXP, kwa sababu barua ya Nairobi kwenda Nairobi ilikuwa ikipitia ng'ambo kwanza. Kituo kilifungwa kwa amri, wakakipigania, kikafunguliwa tena Februari mwaka 2002. Walitaka jambo la karibu lisilazimike kuvuka bahari. Sisi nasi kitabu cha kilo cha mama wa Sigowet tunataka tukifikie hata siku ambayo mtandao umelala.

NAKALA TATU

Seva peke yake si ulinzi. Seva moja ni mahali pamoja, na nimekwisha waambia juu ya mahali pamoja.

Kwa hiyo kila kumbukumbu iwe na nakala tatu. Ya kwanza ni ile ya seva, inayotumika kila siku. Ya pili ni katika diski ya nje, inayonakiliwa kila usiku na programu iitwayo rsync, na nakala za siku zilizotangulia zibaki ili tukifuta kitu kwa makosa leo tukikute cha jana. Wengine hufunga diski mbili zinazoandikwa kwa wakati mmoja wakasema wamepona. Hawajapona. Ukifuta katika moja, umefuta katika zote mbili.

Ya tatu ikae mbali, si katika jengo hili. Naomba tupatane na tawi la jirani: kila mwisho wa mwezi sisi tuwatunzie diski yao, nao watutunzie yetu, zote zimefungwa kwa siri. Radi moja haipigi nyumba mbili zilizo mbali kwa usiku mmoja. Diski hiyo iwe ya kuzunguka, kwa kuwa itakaa kabatini.

Tena, kila miezi mitatu mjumbe mmoja achague jina lo lote la mwanachama, nasi tujaribu kulirudisha kutoka katika nakala mbele ya macho yake. Nakala isiyojaribiwa ni ahadi tu.

SIRI ZA WANACHAMA

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatuhusu sisi pia, si waajiri tu. Habari za afya ya mtu na za jamaa zake zinahesabiwa kuwa nyeti kuliko nyingine. Zikivuja kwa namna ya kumdhuru mtu, inatubidi kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Hatuwezi kupiga kelele dhidi ya mwajiri anayechukua alama za vidole vyetu, na huku sisi wenyewe tumeacha majina ya wagonjwa wazi mezani.

Maneno makuu ya siri yaandikwe katika karatasi, yatiwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, moja kwa Mwenyekiti na moja kwa Mweka Hazina. Karani naye hufa kama diski, na mara nyingine bila tik wala tak.

MWISHO

Ndugu wajumbe, ninaomba mambo matatu. Kwanza, mkutano uidhinishe diski mbili za nje na SSD moja kutoka katika fungu la tawi. Pili, ye yote mwenye kompyuta ya mkononi isiyotumika aitoe, hata kioo chake kikiwa kimepasuka. Tatu, mchague vijana wawili, mmoja wao awe msichana, nami nitawafundisha kila kitu ninachokijua, ili kazi hii isiwe ya mtu mmoja. Mtu mmoja naye ni mahali pamoja.

Na ninyi akina mama, msiache mkebe wa majani chai. Karatasi yako ya asili ikae nyumbani mahali pakavu, nakala ikae kwetu. Mkebe wenu na seva yetu ni ndugu wawili, na mkebe ndio mkubwa.

Yule mama wa kitabu cha kilo yuko hapa leo, amekaa karibu na dirisha. Sikumwomba ruhusa ya kumtaja jina, wala sitamtaja. Wiki iliyopita alikuja ofisini na kitabu kipya, akakiweka mezani mbele yangu akaniambia, "Kipige picha tena, karani." Akakaa kungojea mpaka alipoiona picha kwa macho yake katika kompyuta ya kwanza, na katika diski ya pili. Ndivyo inavyotakiwa. Kila mwanachama na afanye hivyo hivyo, asituamini kwa maneno.